Paka wa Nyambeki na Watu wa Sinema

Nyambeki alikuwa mjane kutoka Nyamira, mchuma majani katika shamba moja la chai juu ya Mogogosiek, na kwa miaka mingi hakuna aliyetaka kujua zaidi ya hapo. Mumewe alifia huko huko shambani kwa kifua, na shemeji zake wakagawana kipande chake cha ardhi kabla matanga hayajaisha. Akabaki na chumba kimoja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na panya waliomlia mahindi na kumtafuna kisigino akiwa amelala.

Paka aliingia siku ya mvua ya mawe, mwaka wa tisini na tatu, amelowa chapachapa na jicho moja limevimba. Nyambeki akamwita Mgeni. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, paka naye alikabidhiwa panya. Haukupita muda, magunia yakawa salama. Jirani yake Cherotich, mke wa dereva wa trekta, akawa anakuja kumwazima kama watu wanavyoazimana ungo. Mgeni alikwenda, akafanya kazi, lakini Nyambeki aliposimama mlangoni akamwita, psi psi psi, aliacha hata panya aliye hai akarudi mbio. Watu wakasema mama huyu amejipatia mume mwenye mkia. Yeye alicheka nao, maana hakuwa na kingine cha kuchekea.

Mwaka uliofuata walikuja watu wa sinema. Walishukia kwenye nyumba kuukuu ya meneja, ile ya mawe yenye baraza ndefu. Hadithi yao ilikuwa ya zama za wakoloni: mzungu mwenye shamba, mkali, na mkewe asiye na mtoto wala rafiki, ambaye faraja yake yote ilikuwa paka. Mume anamwonea wivu paka yule, na mwishowe anamtia guniani na kumtosa bwawani ili amkomeshe mke. Paka waliyemleta kutoka Nairobi, mweupe aliyenona, aliona mbwa wa walinzi akatokomea kwenye chai asionekane tena. Hezekiah, nyapara wa Nyambeki, akawahi kusema kwamba anajua alipo mwingine.

Nyambeki alikataa. Hezekiah hakupandisha sauti. Alimkumbusha tu kwamba chumba ni cha kampuni, na wanaokitaka ni wengi. Kesho yake mama huyo akapanda kilima, paka kifuani.

Mgeni hakukubali mapaja ya mtu mwingine. Kila alipowekwa juu ya mwigizaji wa sehemu ya mke, mwanamke mwenye nywele za rangi ya mahindi, aliruka chini. Basi wakamkunjisha Nyambeki nyuma ya kiti, wakamfunika kitambaa cheusi, awe anamnong'oneza paka na kumpa omena, vile visamaki vikavu, kimoja kimoja. Alikaa hivyo mchana kutwa, magoti yakimwaka moto. Lakini paka alitulia, akafumba macho, akanguruma kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mbali. Mkubwa wa sinema alipiga makofi. Mwigizaji alimmiminia Nyambeki chai kwa mkono wake mwenyewe, na Hezekiah akatafsiri kwamba mama huyu mzungu anasema hajawahi kuona paka mwenye akili kama hii. Jioni Nyambeki alitembea laini nzima akiwa amenyoosha shingo. Kwa mara ya kwanza tangu azike mume, alikuwa na jambo la kusimulia, na Cherotich alimkaribisha ugali ili asikie lote.

Siku ya bwawa ilifika. Walijaribu kwanza na gunia la matambara, likaelea kama kifurushi cha nguo. Mkubwa wa sinema hakupenda. Wakaitana pembeni, wakazungumza Kiingereza, kisha Hezekiah akaja kumweleza kwamba paka ataingizwa guniani mbele ya kamera, halafu watasimamisha kamera na kubadilisha gunia.

"Watabadilisha kweli?" Nyambeki aliuliza.

"Nimekwambia watabadilisha. Wewe ita tu."

Mgeni alikuwa chini ya kichaka, masikio ameyalaza. Alikuwa amenusa jambo. Wasaidizi wawili walimfukuzia huku na huku wakashindwa kumkamata. Nyambeki akachutama nyuma ya mzungu aliyeigiza mume, aliyeshika gunia, akaita. Paka akatoka kichakani, akaja moja kwa moja, mkia juu.

Hawakusimamisha. Gunia lilifungwa kamba Mgeni akiwa ndani, likatiwa jiwe, likarushwa. Halikuzama upesi. Lilijikunja, likajinyoosha, likatoa kona ambazo gunia la matambara halikuwa nazo. Nyambeki aliinuka. Hezekiah akamdaka kwa nyuma, kiganja kikamziba mdomo na pua.

"Nyamaza. Unaharibu sauti."

Alimshika hivyo mpaka maji yakatulia. Barazani mwigizaji alikuwa akilia machozi ya kweli, naye mkubwa wa sinema alifurahi sana, akaagiza kamera imsogelee. Kisha wakaenda kula. Mtu alimletea Nyambeki blanketi jipya, na yule mwigizaji akapita karibu naye akitazama chini.

Aliliopoa gunia mwenyewe kwa fimbo, akamzika Mgeni nyuma ya jiko la laini. Wanawake walipomwona anachimba waligongana viwiko. Cherotich alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mtu mzima kumlilia paka ni kutafuta laana.

Miaka miwili baadaye kanda ya sinema ile ililetwa kwenye ukumbi wa shamba, Jumapili, baada ya kanisa. Laini zote zilihamia huko. Nyambeki alikaa nyuma. Paka alipotoswa, ukumbi ulijaa kwikwi; Cherotich alilia mpaka akajipangusa kwa kitambaa cha kichwa. Halafu Hezekiah akasimama, akarudisha kanda nyuma, akaongeza sauti. Kabla ya gunia, kwa mbali, ilisikika: psi psi psi.

"Mnamsikia? Ni Nyambeki huyo," alisema kwa fahari.

Waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Wakamtaka airudishe tena.

Sinema ile ilipendwa. Kila Krismasi ilidaiwa, na kila Krismasi ilipofika mahali pale walimgeukia. Njiani watu wazima walimwita psi psi. Aliomba kuhamishiwa shamba jingine. Huko nyapara mpya akamuuliza kama ndiye mama wa paka. Akarudi.

Mwaka wa tisini na nane Cherotich, labda moyo ulimsuta, alimletea paka mdogo mwenye mabaka. Alimweka kizingitini akaondoka. Paka yule mdogo alikaa akimtazama Nyambeki, akingoja aitwe. Nyambeki alijaribu. Midomo ilikataa. Kila alipoikusanya alihisi kiganja cha Hezekiah juu yake, chenye harufu ya tumbako. Mvua ilianza kunyesha. Akafunga mlango.

Mbwa wa laini walimpata asubuhi. Cherotich alikuja na mabaki yake kwenye jani la mgomba, akayaweka miguuni pake mbele ya watu wote, akamwambia kwamba hajapata kuona mwanamke katili kama yeye.

Nyambeki alijitwika kikapu, akashika njia ya chai.