Jiwe Lililotoka Kaburini kwa Chifu

Nilikate au nisilikate? Swali hilo lilininyima usingizi majuma kadhaa. Jiwe lenyewe lilikuwa bandani, juu ya meza, limefunikwa kitambaa. Nikilikata likapasuka, hakuna lingine la kuchukua nafasi yake. Nisipolikata, shangazi ataendelea kuniuliza kwa macho kila anaponimiminia chai. Nikilikata likatoka zuri, shemeji yake atasema nimechezea kaburi la kaka yake. Niliyapanga mawazo hayo, nikayapangua, nikayapanga tena, na kila asubuhi niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Ili mnielewe, hasa ninyi mnaotaka kuanza, inabidi nieleze kazi ya mawe na namna nilivyoingia humo. Naiita kazi, ingawa kwa aliyenifundisha ilikuwa burudani ya kustaafu. Niliifanya chini ya mkubwa, nikapandishwa daraja na kukemewa kama watu wengine wanavyokemewa kazini.

Nilipomaliza chuo nilikuja kukaa kwa Shangazi Milembe, Nyegezi, nikisubiri ajira. Mume wake alikuwa amestaafu baada ya kuwa fundi mkuu wa mitambo kwenye meli za ziwani. Mabaharia humwita mtu wa cheo hicho Chifu, na jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Hata mke wake hakumwita vingine. Nyuma ya nyumba alikuwa na banda la mabati, na humo alikata na kung'arisha mawe aliyookota mwenyewe ufukweni na vilimani. Hakuwa akiyauza. Aliyagawa kwa watu.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimempelekea uji tu.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba. Una kazi?"

"Bado, Chifu. Nimeomba sehemu nyingi, sasa sijui kama barua zangu zilikuwa na kasoro, au labda..."

"Sikuulizi ajira. Nauliza sasa hivi, mikono yako ina kazi?"

Nikasema haina. Akanisogezea ndoo ya mawe na chupa ya maji. "Lowesha moja moja. Rangi utakayoiona ndiyo litakayokuwa nayo likishang'aa. Halafu usiondoe macho. Liangalie linavyokauka."

Nilifanya hivyo bila kujua ninatafuta nini, mpaka nikakiona mwenyewe. Jiwe lenye ufa likianza kukauka, uso wake hugeuka mweupe lakini ufa hubaki umelowa kwa muda, ukaonekana kama unywele mweusi. Mawe mengi niliyokuwa nimeyapenda yalikuwa na unywele huo. Chifu aliyatupa nje ya banda moja baada ya jingine bila huruma, na mimi nikajiona kama nimeanguka mtihani.

Kuokota ndiko kulikokuwa daraja la chini. Tulitembea ufukweni tukitafuta mawe mekundu yaliyolainishwa na maji, na mara nyingine tulipata yale mazito yenye mistari ya chuma, meusi na ya rangi ya damu. Baadaye nilipandishwa kwenye msumeno. Ni sahani nyembamba ya chuma yenye chembe za almasi ukingoni, inayozungushwa na mota ya pampu ya maji. Amri ya Chifu hapo ilikuwa moja: maji kwanza, mota baadaye. Vumbi la jiwe kavu likiingia mapafuni halitoki, kwa hiyo msumeno na gurudumu la kusagia vilifanya kazi chini ya mchirizi wa maji, na tope lote liliteremka kwenye beseni.

Msumeno hukupa kipande bapa. Juu yake unachora umbo kwa kigezo, ambacho sisi tulikikata kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, na unachora kwa waya wa alumini kwa sababu penseli inafutwa na maji. Kipande unakigandisha kwenye kijiti kwa lakiri iliyoyeyushwa, upate pa kushikia. Kisha unasaga mpaka chini pawe bapa na juu paviringike kama mgongo wa kobe, bila pembe hata moja. Vitabuni jiwe la namna hiyo huitwa kaboshoni. Bandani kwetu liliitwa mgongo. Ukishapata mgongo unaingia kwenye msasa, kuanzia ule mkali mpaka ule laini, na mwisho unasugua kwa ngozi iliyopakwa unga wa kung'arishia.

Kwenye gurudumu ndiko nilikoteseka. Sikujua kuacha. Niliona kajipinde upande mmoja, nikakaondoa, kakatokea kengine upande wa pili.

"Kabula," Chifu aliniita siku moja, "hapo unasaga jiwe au wasiwasi?"

"Nataka pawe sawa, Chifu."

"Palikuwa sawa tangu jana. Sasa umetutengenezea punje ya harage. Mpelekee shangazi yako akaipike."

Kuna jiwe moja tu hakuliruhusu lipande mezani, nalo ndilo lililotuzunguka kila upande: itale, jiwe la majabali ya Mwanza. Itale si kitu kimoja. Lina chembe nyeupe ngumu, chembe za waridi, na vipande vyeusi vya ulanga vinavyobanduka kama magamba. Kila chembe inalika kwa kasi yake, na ulanga hung'oka ukaacha vishimo, uso wote ukawa kama ganda la chungwa. "Hilo ni la kujengea," Chifu alisema. "Mezani kwangu lisipande."

Baadaye nilipata nafasi ya kujitolea katika ofisi moja Sengerema, nikawa navuka kwa kivuko cha Kamanga na kurudi Nyegezi mwisho wa juma. Mkuu wa Kitengo aliyakuta mawe yangu kwenye droo.

"Binti, hii ni ofisi au machimbo?"

"Ni ya kung'arisha tu, Mkuu. Samahani, nitayatoa, sikufikiri kwamba..."

"Mke wangu akinikuta na mawe kwenye droo atasema nimerogwa." Aliifunga droo akaondoka. Wiki iliyofuata aliniletea jiwe kutoka shambani kwake, limefungwa kwenye leso, akataka kujua kama lina ufa.

Mara ya mwisho nilipokaa na Chifu bandani nilimuuliza kama anaikumbuka kazi ya meli. Alifuta mikono taratibu. "Nakumbuka kelele," akasema. "Mitambo inanipigia kelele, na mimi naipigia kelele. Nilivyostaafu ndipo nikagundua sijawahi kumsikiliza shangazi yako amalize sentensi. Siku hizi anakuja hapa, anakaa kwenye kile kigoda, anaongea, na mimi nasaga polepole. Basi. Hiyo ndiyo pensheni yangu."

Alifariki katika mvua zilizofuata, kwa kiharusi. Tulimvusha ziwa tukamzika Sengerema, nyumbani kwao, kando ya wazazi wake. Wachimbaji walikutana na mwamba, na asubuhi yote nyundo na mitaimbo vilisikika katikati ya nyimbo za kanisa. Lilikuwa itale. Baada ya maziko vijana walivikusanya vipande vya jiwe kuzunguka tuta. Shangazi aliinama mbele ya watu wote, akachukua kimoja cha ukubwa wa ngumi, akakifunga kwenye pindo la khanga yake.

Tuliporudi Nyegezi alikiweka mezani bandani. "Nitengenezee mgongo, mwanangu. Nivae shingoni."

Kwa watu wa upande ule, kilichotolewa kaburini hurudishwa kaburini. Hata koleo hukung'utwa kabla halijaondoka. Mzee Mabula, mdogo wake Chifu, aliliona jiwe likiingia kwenye khanga na akanyamaza kwa ajili ya msiba. Lakini hakulisahau. Akavuka kuja Nyegezi, tukamkaribisha sebuleni.

"Shemeji," alisema, "mavuno yakiisha tunajengea kaburi kwa saruji. Lile jiwe lirudi."

"Lirudi kufanya nini? Yapo mengi kule."

"Kilichotoka shimoni kinarudi shimoni. Kikibaki nje kinaita mtu mwingine. Unajua, si kwamba nakufundisha."

"Mabula, kaka yako amerudi ardhini. Udongo wake umerudi. Mimi ndiye nimebaki nje." Shangazi alikuwa akiongea taratibu kabisa. "Hilo nalo umelijia?"

Mzee aliangalia sakafu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyefiwa na kaka na sasa anaogopa kufiwa na mwingine. Kisha akanigeukia mimi.

"Nawe msomi, usiliguse. Likishakatwa, hata nikiletewa halitakuwa lile."

"Kabula," Shangazi akasema, "mwongezee baba yako chai."

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Kila mmoja alikuwa na haki, na mimi nilitafuta njia ambayo hakuna atakayeumia. Niliokota itale la barabarani nikaanza kujifunza juu yake. Vipande vya kwanza vilitoka na vishimo vingi mno. Nikabadili msasa, nikapunguza kasi, nikaacha kukandamiza. Mwishowe kipande kimoja kikatoka laini kuliko nilivyotegemea, chenye chembe za waridi na nyeusi zilizopangana vizuri. Wazo likanijia: kwa nini nisimpe hiki? Lile halisi lirudi Sengerema likiwa zima, Shangazi avae, Mzee atulie. Itale ni itale. Nani angejua?

Nikampelekea Shangazi jikoni. Alikausha vidole, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Zuri. Ndilo lile?"

Neno moja tu lilihitajika. Nililihisi liko tayari mdomoni.

"Hapana, Shangazi."

"Basi hili vaa wewe, utafutie mchumba." Akanirudishia, akaendelea kuchambua mchicha. Baada ya muda akasema bila kuinua uso, "Kama huwezi, niambie huwezi. Usinizungushe kama mtoto."

Nilirudi bandani nikakaa kwenye kigoda. Beseni lilikuwa na tope la mazoezi yangu, maji yametulia, na jiwe lote nililolisaga lilikuwa pale chini, jororo, rangi ya majivu. Nilitia mkono. Kwa muda wote huo nilikuwa nimelifikiria jiwe kama kitu kitakachopotea nikilikata, kumbe hakuna kilichokuwa kimepotea zaidi ya sura. Sehemu kubwa ya jiwe la kaburini ingeweza kurudi. Sehemu ndogo isingerudi, na juu ya hiyo ndogo hakuna ujanja ambao ungewaridhisha wote wawili. Ilinibidi nichague mtu. Nikamchagua aliyebaki nje. Na nikaamua kwamba Mzee Mabula ataambiwa na mimi mwenyewe, ana kwa ana.

Niliosha beseni, msumeno na gurudumu mpaka maji yakatoka safi, tope la jiwe jingine lisichanganyike. Nikalilowesha jiwe la Chifu, nikaliangalia likikauka. Unywele mweusi ulijitokeza ukikatiza upande mmoja, bila shaka pigo la nyundo. Nikauacha upande ule. Nikachora mstari kwa waya. Nikafungua maji, kisha nikawasha mota, nikalisukuma jiwe polepole kwenye msumeno.

Nilisaga kidogo kidogo. Mgongo ulipokaa sawa niliacha, ingawa niliona kajipinde. Vishimo vya ulanga vilibaki vichache. Wapo wanaoviziba kwa gundi, mimi sikuviziba. Nilizungushia waya wa shaba, nikalitia kamba, nikampelekea Shangazi. Alilipitishia kidole mgongoni.

"Lina vishimo."

"Ni ulanga, Shangazi. Sikuweza kuuzuia."

"Uso wake nao ulikuwa hivyo hivyo upande wa ndevu," akasema, akainamisha kichwa nimvalishe.

Mavuno yalipoisha tulivuka pamoja. Mimi nilibeba ndoo yenye mfuniko. Tulipofika kaburini saruji ilikuwa imeshaanza kuchanganywa, na Mzee Mabula alikuwa amesimama kando ya fundi. Aliliona jiwe shingoni kwa Shangazi kabla hatujasalimiana. Shangazi hakulifunika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akaitazama ndoo. "Lile jiwe?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu kwenye kivuko. Sikuyatumia. "Nimelikata mimi, Mzee. Vipande vilivyobaki vimo humu, na tope lote lililotoka wakati wa kusaga, sikumwaga hata tone. Kinachopungua ni hicho anachokivaa Shangazi. Hicho hakitarudi."

Alichuchumaa, akafungua mfuniko, akatia vidole kwenye tope. Alilisugua kati ya kidole na gumba kwa muda mrefu, kama mtu anayeujaribu unga. Kisha akamtazama shemeji yake, akalitazama lile jiwe. Nilikuwa tayari kukemewa. Nilikuwa tayari hata kufukuzwa pale.

"Fundi," akasema, "acha saruji kwanza. Hili litangulie."

Akasimama, akanisogezea ndoo kwa mguu. "Mimina wewe uliyelikata."

Nikapiga magoti, nikamimina.