Kambare Haanikwi Kama Furu

Nakumbuka siku moja, katika miaka ile ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, nilimwaga chakula chetu ziwani mbele ya kijiji kizima cha Makoko. Nakueleza, mwanangu, kwa sababu umenichosha. Nikikuuliza una nini, unajibu, "Stresi." Umegombana na mchumba, stresi. Umefeli mtihani, stresi. Neno moja kama ufunguo wa kufungulia kila nyumba, na ufunguo wa namna hiyo huwa ni wa mwizi.

Mimi neno langu lilikuwa hasira.

Mume wangu, Magesa, alikwenda kisiwani Rukuba kuvua. Alisema siku nne, akakaa tisa, na tatu kati ya hizo ziwa lilichafuka vibaya. Siku ya kumi akatua anacheka, ana karai la furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na mche wa sabuni aliokuwa anausubiri kwa mchuuzi. Anacheka, mwanangu! Nikalinyakua karai, nikawamwaga furu wote majini. Na mwaka wenyewe wa njaa. Kisha nikafunga khanga zangu, zote mbili, niende kwetu Bugwema.

"Nenda," Magesa alisema, hacheki tena. "Na ng'ombe wa mahari aliowatoa baba yangu warudi."

Mama yake alikuwa juu ya jiwe, anapasua samaki. Hakuinua kichwa.

"Nyangeta, una nini?"

"Nina hasira, mama!"

"Chumvi ilipoadimika, hasira. Kaka yako tulipomzika, hasira. Hee! We mtoto una ugonjwa mmoja tu?" Akaninyooshea kisu. "Furu tunamfanyaje?"

"Tunamwanika."

"Na kambare?"

"Tunambanika kwa moshi."

"Ukimwanika kambare kama furu?"

"Anaoza."

"Sasa hicho ulichonacho unakianika tu, jina lake hulijui. Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Ufukweni. Natazama mitumbwi."

"Mtu mwenye hasira anasimamaga ufukweni siku tisa?"

Nikamfuata Magesa mtumbwini.

"Niliogopa," nikamwambia. "Nilijua umezama."

Akakaa ghafla ukingoni mwa mtumbwi.

"Hata mimi niliogopa," akasema. "Nilicheka ili usijue."

Jioni tulikula ugali mkavu. Mama mkwe hakunisamehe wale furu mpaka masika.

Basi, mwanangu, kabla hujafunga mzigo wako, jiulize: ni woga huu? Ni wivu? Ni aibu, au ni huzuni imeazima khanga ya hasira? Woga unataka mkono wa kushika. Huzuni inataka kulia. Aibu inataka kuomba radhi. Na ikiwa ni hasira kweli, nayo itaje. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza, asiyejua jina la maradhi yake humsumbua hata mganga.

Ukija kesho na stresi zako, nitakupa kambare mbichi ukamwanike. Lakini Mungu akupe mtu wa kukuuliza mara ya pili, akupe na ulimi wa kumjibu. Na yeyote unayemngoja ufukweni, amrudishe salama.