Gwantwa na Kuku wa Mavuno

Mjukuu wangu Gwantwa ana miaka kumi na tisa sasa, ni fundi cherehani pale Mlowo. Kwetu Isansa wapo wanaosema alikula sadaka. Ni kweli alikula, na ni vema wajue alikulaje.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu aliongoza kwaya ya watoto. Walipanda lori, watoto kumi na mmoja, kupeleka mavuno ya kanisa Chitete: magunia ya karanga na kuku sita. Mvua ikawafungia kati ya mito miwili, lori likakwama. Dereva alivuka kwenda kutafuta trekta, na nyuma yake maji yakajaa.

Kande walizobeba ziliisha siku hiyohiyo. Kesho yake Gwantwa alikaa juu ya magunia.

"Hayajaombewa. Hatuli."

Ndivyo nilivyomfundisha: mavuno hayaguswi kabla ya kufika madhabahuni.

"Dada Kiongozi," Osward akamcheka, "huyo Mungu wako na yeye ana njaa tangu jana?"

Osward ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mchana alimnyonga kuku mmoja, akampasua kwa kisu. Kuni zilikuwa zimelowa, wakamla nusu mbichi. Kila aliyekula alipakwa damu usoni. Asiyepakwa alirushiwa mawe.

Brayan, mwenye miaka saba, alikataa. "Dada kasema hatuli."

Wakamfunga kamba kiunoni, wakamburuta hadi mtoni huku wakiimba pambio la Jumapili. Wakamsukuma mpaka maji yakamfika kifuani.

"Akamwite dereva!"

"Mtoeni, atakufa!" Gwantwa alipiga kelele.

"Kula kwanza, mtakatifu." Osward alimnyooshea ini linalochuruzika damu.

Alilila. Aliniambia baadaye kwamba alitafuna bila kuondoa macho kwa Brayan, maana aliyeshika kamba alikuwa mtoto wa miaka tisa, na kamba ilikuwa ikimteleza mikononi. Osward akampaka damu. Watoto wakashangilia, ndipo Brayan akavutwa nchi kavu.

Gwantwa akachukua kisu mkononi mwa Osward. Hakuzuiwa, kwa kuwa sasa alikuwa mwenzao. Akapasua gunia la karanga.

"Pangeni mstari. Mdogo atangulie."

Walisitasita, kisha wakapanga. Osward alisimama wa mwisho, akakinga viganja kama wenzake. Trekta lilifika asubuhi iliyofuata na kuwakuta wote kumi na mmoja wamelala wamekumbatiana.

Wazee wa kanisa waliuliza ni nani aliyefungua mavuno. Nyumbani nilikuwa nimemwonya: "Nyamaza, mjukuu wangu. Babu yako alikuwa mwalimu mkuu. Jina lake halijawahi kufikishwa mbele ya wazee kwa jambo baya."

Alisimama. "Gunia nililipasua mimi, na kuku nilikula. Lakini ningewaruhusu kula mapema, Brayan asingefungwa. Nilikosea hapo."

Wakamtia marudi: miezi mitatu bila kuimba, akae benchi la nyuma.

Jumapili iliyofuata niliondoka kwenye kiti changu cha mbele, kanisa zima likinitazama, nikaenda kukaa naye.