Nilivyotoa daftari kituo cha afya Busia, nusura mtoto wa watu avushwe mpaka

Wakuu, salaam kutoka Busia, upande wa Uganda.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe ili msihangaike kunitafutia mwingine: nusura nisaidie mtoto wa watu kuvushwa mpaka, na nilitumia daftari la shule. Sijatia chumvi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Jirani yangu Mama Nabwire akiniona nimevaa viatu huuliza nani amekufa.

Siku hiyo nilikanyaga msumari nikitengeneza banda la kuku, nikajikokota hadi kituo cha afya. Kwa wasiojua, huku mgonjwa anaenda na daftari lake, musawo, yaani mganga wa kituo, anaandika humo ugonjwa na dawa. Huna, unarudishwa dukani. Nilishawahi kurudishwa, basi nikabeba mawili.

Waliotangulia ni mama mmoja nadhifu na msichana wa kama miaka kumi na miwili, mikono yote miwili imefungwa vitambaa. Mama akasema ni mtoto wa kaka yake, anaitwa Grace, mafuta ya kukaangia yalimmwagikia.

Musawo wetu ni dada wa Tororo, hana makelele. Akafungua vitambaa, akaanza kuosha. Vidonda vya siku nyingi, vinanuka. Mtoto hakulia. Hata uso hakukunja. Nikamsifu kwa sauti, nikasema ni jasiri kunishinda mimi na msumari wangu.

Kila alichoulizwa mtoto, mama alijibu. Hata pale alipoulizwa panauma wapi.

Musawo akamwambia mama aende kununua daftari, mtoto abaki. Mama akasitasita.

Hapo huruma yangu ikaamka. Nikachomoa daftari la pili.

"Usijisumbue, mama, mimi ninalo."

Mama akanishukuru, akakaa. Musawo alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia jikoni. Sikuelewa kitu.

Akaandika jina, kisha akaita, "Grace." Mtoto aliendelea kutazama sakafu.

Musawo akamwuliza mama kama ameshapima presha. Wakuu, hakuna mtu wa huku anayekataa kupimwa presha bure. Akamfunga mkononi kile kitambaa cha mashine, akamwambia atulie, asiongee wala asisimame mpaka mapigo yatulie, la sivyo mashine itadanganya. Kisha akampeleka mtoto chooni kuchukua mkojo.

Nikabaki na mama.

Muda ukaenda. Macho yangu yakaangukia mpira wa kile kitambaa. Umelala mezani, haujachomekwa kwenye mashine.

Nilishafungua mdomo nimwambie. Yakanijia yale macho ya musawo wakati wa daftari. Nikaufunga. Mama alipotaka kuinuka nikamkumbusha kuhusu mapigo, halafu nikaanza kumweleza kuku wangu mmoja mmoja, na tabia zao.

Nilikuwa nimefika kuku wa nne alipoona askari anaingia getini. Akavua kitambaa, akasema anatoka kununua vocha ya simu. Hiyo vocha mpaka leo hajarudi nayo.

Baadaye, akinisafisha mguu, musawo alinieleza taratibu. Askari alimwita yeye kwa simu, akiwa huko chooni na mtoto. Mtoto si Grace. Kwao ni ndani huko Tororo, na alisema kwa Dhopadhola, lugha yao wote wawili, akinong'ona mlangoni pa choo. Baba yake mdogo alimtoa kwa ahadi ya shule upande wa Kenya. Shule hakuiona. Aliishia hapa hapa Busia, akawa mpishi wa watu, na siku alipounguza chakula mikono ikatumbukizwa kwenye mafuta. Sasa alikuwa anahamishiwa nyumba nyingine, ng'ambo ya mpaka, na huko hawakutaka mfanyakazi anayenuka. Ndiyo maana akaletwa kutibiwa.

Nikauliza alijuaje. Akasema mafuta yakimwagika hurukia huku na kule. Haya yaliishia usawa mmoja, mkono huu na huu.

"Mtoto akioshwa kidonda kama kile na halii, usimsifu," akaniambia. "Uliza alifundishwa wapi kunyamaza."

Sasa yuko kwa bibi yake mzaa mama. Nilipoenda kubadilisha bandeji nilimkuta hapo kituoni kwenye benchi, mgongo ukutani. Bibi alimpa chapati. Alikula nusu, nusu akaificha ndani ya nguo. Mikono inapona. Hilo lingine, musawo anasema, litachukua muda, na dawa yake haikai kabatini.

Nilichojifunza: musawo akikutuma nje, toka. Akimtuma mwenzako, usijitie kumwokoa. Na mtoto aulizwe mwenyewe panapomuuma. Wa Malaba na mnaofanya kazi hospitalini, semeni nanyi mmeona nini. Matusi pia napokea, yapo ninayostahili.

Mama Nabwire nilimsimulia yote, nikitegemea walau pole ya mguu. Akamaliza kwanza kupepeta maharage yake, ndipo akasema:

"Mwaka mzima hutoki nyumbani, na siku unatoka unaenda kuwapa wezi wa watoto daftari. Kaa na kuku wako."