Nafasi ya Dada

Siku zile za ujamaa kila mtu alikuwa ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu karani, ndugu muuzaji wa duka la ushirika anayekwambia sukari imekwisha na hata usoni hakutazami. Mie neno hilo lilinitoka moyoni zamani, na nitasema kwa nini.

Nilikuwa nacheza kwenye kikundi cha ngoma cha kiwanda chetu, Temeke. Akaja mkufunzi, kijana aliyetoka kusomea uchezaji Ulaya, akasema anatunga mchezo mpya wa jukwaani, anauita Undugu, na kila mmoja wetu alete ngoma ya kwao. Kiherehere changu! Wenzangu walileta ngoma za mavuno. Mie nikaleta ya ukoo wa mama.

Sie ni watu wa kusini, ukoo wetu unafuata mama. Katika ngoma ile wanawake husimama mstari mmoja kwa kufuatana na kuzaliwa: mama mkubwa, mama, mama mdogo, kisha mabinti. Aliyekufa haondolewi. Nafasi yake huachwa wazi, na wanaocheza huipita pembeni, taratibu, kama unavyompita mtu aliyelala. Kati ya mama mdogo na mie palikuwa wazi. Hapo ni pa dada yangu, aliyekufa kwa surua mie bado nanyonya. Sura yake siijui. Nafasi yake naijua.

Mama alikataa katakata. Nikalia, nikanuna, nikasusa kula siku mbili, mtu mzima mie! Mwisho mkufunzi akaja mwenyewe nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, baba, chukueni. Ila mwanangu asikanyagwe."

Akaapa. Na kweli, mazoezini aliilinda nafasi ile; alisema uzuri wa mchezo wote uko pale. Mama naye akanishika mkono: "Ukiona mtu anaingia pale, wewe acha kucheza. Ngoma ikivunjika, ivunjike."

Tulicheza alasiri, uwanja mmoja huko Kinondoni, siku ya sherehe. Mama alivaa khanga mpya, akakaa mbele pamoja na wake wa wakubwa. Tulipojipanga mstari nilimwona anafuta machozi, na ni ya furaha. Mwanawe wa kwanza, dada yangu, yuko uwanjani, watu wazima wanampisha.

Basi mgeni rasmi akanogewa. Akainuka, tumbo mbele, anapunga usinga. Mkufunzi, sijui hofu sijui kujipendekeza, akamdaka mkono, akaangaza macho aone wapi pa kumweka mkubwa. Pa wazi palikuwa pale pa dada tu. Akamtumbukiza pale pale na viatu vyake vya ngozi, mgeni akaruka-ruka juu ya dada yangu, na uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Mie je? Sikuacha. Ningesema nilishikwa na butwaa, lakini uzeeni naongopa ili iweje? Wapiga picha walikuwa mbele yangu. Nilitabasamu, nikamsogelea yule mgeni, nikamtikisia mabega. Nilipogeuka, kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Alirudi Temeke kwa miguu. Hakunigombeza, afadhali angenichapa. Alinipakulia chakula, akanimiminia maji ya kunawa, na tukaishi hivyo hivyo miaka na miaka, mie nikingoja anitukane, yeye ananiuliza kama chumvi imekolea. Najichukia mpaka leo.

Siku ya kuondoa matanga yake, mama mkubwa alianzisha ngoma uani. Nikavua viatu, nikaenda kushika nafasi yangu. Ya mama ilikuwa wazi. Ya dada ilikuwa wazi. Kwenye yangu alikwisha simama binti wa mama mdogo, na hakusogea.

"Mama mdogo," nikasema, "na mie je?"

"Wewe kawape wageni chai," akajibu, akaendelea kucheza.