Karatasi Pindoni mwa Leso

Wivu ni kidonda, husema watu, na Konstebo Olweny alikuwa amekonda mpaka akabaki mifupa na kofia. Wenzake wa kambi ya polisi ya Nsambya wakitoka zamu walikizunguka chungu cha malwa, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakanywa na kucheka. Yeye mbio nyumbani, akahakikishe mkewe, Anena, hazungumzi na mwanamume. Hata muuza mkaa alimtilia shaka, na muuza mkaa yule alikuwa na meno mawili tu.

Alasiri moja ya mwaka sabini na nne alikuta karatasi imefungwa pindoni mwa leso ya Anena. Neno moja la Kiingereza: aloof. Kiingereza chake kiliishia kwenye amri za gwaride, kwa hiyo akaamua papo hapo kwamba ni jina la mapenzi. Damu ikamchemka.

"Nani alikuandikia hii?"

"Baba Amito, ngoja kwanza nikuambie..."

Angoje nini! Alimvuta mkono mpaka kwa mzee Owuor, jirani yao, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye meli za ziwani chini ya manahodha Wazungu.

Owuor akasoma, akatabasamu. "Hili lilikuwa neno la mabaharia. Zamani, upepo ukiisukuma meli ya tanga kwenye miamba ya pwani, nahodha alipaza sauti: igeuzeni uso upepo unakotoka, ikae mbali! Siku hizi Wazungu humwita hivyo mtu anayejitenga na wenzake."

"Na nani anajitenga?" Olweny akafoka.

"Wewe," Anena akasema. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia ofisi ya mkubwa wa kituo. "Nimeona faili yako kwa meza. Karibu na jina yako ameandika hii neno na wino nyekundu. Nikanakili, nikuje kuuliza mzee. Mwezi jana Fabiano wa zamu yako pia aliandikiwa na nyekundu. Leo Fabiano iko wapi?"

Fabiano alikuwa amechukuliwa na watu wa usalama wenye miwani myeusi, na mkewe alikuwa bado akimwekea chakula.

"Kwenda kunywa na wao," Anena akasema. "Kila siku. Nakuomba, Baba Amito."

Jioni ile Olweny akaketi kwenye duara la malwa. Walimshangilia, wakamsogezea kigoda, na mkubwa mwenyewe akampigapiga mgongoni. Alicheka kila walipocheka. Kisha Sajenti Okullo, mwanamume mzuri asiye na mke, akainuka, akasema anakwenda kunyoosha miguu, akashika njia ya nyumba za familia, alikokuwa Anena.

Olweny alimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona. Akaurudisha mrija mdomoni. Hakuthubutu kuinuka mbele ya mkubwa.