Koti la Kidonge

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha dawa, hapa Bagamoyo, mfamasia wa wilaya alinikuta napasua kidonge kwa wembe ili mgonjwa apate nusu. Alikuwa mama mkali mwenye sauti ya chini. "Hicho kimevalishwa koti," akasema. "Umejiuliza kwa nini?" Nikaweka wembe chini, maana sikujua.

Akanieleza bila haraka. Kuna koti la kuficha uchungu tu. Lingine huachia dawa kidogo kidogo kutwa nzima. Na lipo linalostahimili tindikali ya tumbo, ili kidonge kipite kizima kikayeyukie kwenye utumbo.

Nilihamishiwa zahanati ya Saadani, nikarudi mjini, na nilipokaribia kustaafu ndipo akaletwa Shomari, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa. Alikuwa amepandikizwa figo aliyopewa na dada yake, Mwanahawa. Mtu kama huyo humeza dawa maisha yake yote, ili mwili usiikatae figo ngeni, na kimoja katika vidonge vyake kilikuwa na koti hilo la utumboni. Sasa alikuwa anatapika, na vipimo vya damu vilionyesha figo imeanza kuzidiwa. Daktari wa zamu akaniambia, "Mzee, zungumza nao. Wanasema dawa hazikosi hata siku moja."

Mwanahawa, ndiye aliyemleta, akaniamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako anazimezaje?"

"Namtwangia. Koo linamuuma, basi natwanga kwenye kinu cha viungo, nakoroga na uji na asali. Hata marehemu mama tulimuuguza hivyohivyo."

Mimi ni mwepesi wa kufoka, wenzangu wanajua. Lakini alivyosema kwa fahari, sikuweza kumfokea. Nikachukua kidonge kama kile, kilichopita muda wake, nikakitia kwenye glasi ya maji ya ndimu. Tukaongea habari za mananasi weee, kidonge kizima. Nikakihamishia kwenye maji ya magadi. Baada ya muda kikalainika, kikameguka.

"Ndimu ndiyo tumbo, magadi ndiyo utumbo," nikamwambia. "Ukitwanga, dawa inamwagika tumboni, inamchafua, anaitapika. Mwili unabaki bila cha kuutuliza, unaishambulia figo. Na vumbi lake lina madhara kwa mwanamke anayetaka kuzaa, usilivute."

Mwanahawa akalia. "Kumbe nimempa figo, halafu nikawa naitwanga mwenyewe."

Koo la Shomari likatibiwa, akaanza kumeza vidonge vizima, na figo ikatulia, alhamdulillahi. Niliogopa sana siku zile, sifichi.

Sasa nimestaafu, na nyie vijana wa dawa mna mashine za kila namna. Hata hivyo, mgonjwa akisema anameza, muulizeni anamezaje. Juzi nilipita Kiwangwa nikamkuta Mwanahawa amekaa mbele ya kaka yake na kikombe cha maji mkononi. Shomari akanilalamikia kwamba anasimamiwa kama mtoto mchanga.

"Meza," dada yake akamwambia. "Hiyo figo si yako peke yako."